Binti kaporomoka ghafla kidato cha tatu, je nimtoe shule?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini, nakaa na binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya kata. Baba yake alifariki mwaka juzi mwishoni, January akahamia kwangu kutoka Bahi. Mtihani wa kidato cha pili alifaulu vizuri tu ila tangu Februari mwaka huu kaporomoka, alikuwa wa 4 sasa hivi ni wa 61. Siku za shule kichwa kinauma, tumbo linauma, kapimwa malaria na taifodi mara kibao. Kaacha kwaya. Ukimsemesha anafoka au analia. Usiku halali, asubuhi haamki, akichelewa anachapwa. Mwalimu wa nidhamu anasema ni jeuri, mke wangu anasema kachezewa kichawi, bibi yake anataka arudi kijijini apumzike mwaka mzima. Kuna wanaosema nimpeleke Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili, naogopa atapata jina. Je maisha yake ndo yameharibika? Nimtoe shule? Na simu nimnyang'anye? Baba Mdogo."

Baba Mdogo, pole sana na msiba wa kaka. Najua mwaka juzi unaonekana mbali, lakini mtoto aliyefiwa na baba halafu ndani ya muda mfupi akabadilishiwa nyumba, shule na marafiki wote, kwake huo msiba bado mbichi kabisa. Kama umenizidi umri basi shikamoo.

Nianze na la shule maana naona bibi anasubiri jibu. Usimtoe. Mpunguzie mzigo, mwombee ruhusa ya siku chache ikibidi, hata akienda nusu siku kwa wiki mbili tatu sawa, ila jina libaki kwenye daftari la mahudhurio na yeye mwenyewe aendelee kuonekana pale. Sababu zake ni ndefu kidogo, nitazifikia.

Kwanza nikuambie ninachokiona kwenye maelezo yako, ukijua kabisa kwamba mimi sijakaa nae, na ugonjwa hautambuliwi kwa barua. Usingizi umevurugika, umakini umepotea, kitu alichokuwa anakipenda (kwaya) kakiacha, analia, anafoka, mwili unauma, na hali imeendelea kwa miezi. Hivo vitu vikikaa pamoja zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, mtaalamu yeyote wa afya ya akili atafikiria sonona, yani ule ugonjwa wa huzuni unaoitwa depression, kabla ya kufikiria jeuri. Watu wanategemea mwenye sonona awe kimya kwenye kona anatoa machozi, na kweli watu wazima wengi huwa hivyo, lakini kwa kijana wa umri wake mara nyingi inakuja na hasira, kununa, kujibu watu vibaya, yani inakuja imevaa nguo za utovu wa nidhamu, ndo maana mwalimu wa nidhamu anakuwa wa kwanza kukutana nayo na wa mwisho kuitambua. Simlaumu sana, ana darasa la watoto wengi na hakuna aliyemfundisha.

Na wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Sasa chukua idadi ya wanafunzi wa hiyo shule ya kata ugawe kwa 7, utaona kwamba kila mkondo una watoto kadhaa wanaochapwa kwa kitu ambacho fimbo haikitibu.

Kabla ya yote apimwe mwili vizuri, na sio malaria na taifodi tena jamani. Hicho kipimo cha taifodi cha tone la damu tunachofanyiwa kwenye maabara za mtaani kinajulikana kwa udhaifu wake, kinaweza kusema unayo wakati huna, mtoto anakula vidonge vya antibayotiki mfululizo na kichwa kiko palepale. Omba wapime wingi wa damu, maana binti wa umri huo anayetoka damu nyingi kwenye hedhi na anaenda shule bila kunywa chai anaweza kuwa na upungufu wa damu unaomchosha na kumuumiza kichwa. Apimwe macho pia, asiyeona ubao kichwa kitamuuma na alama zitashuka, na tatizo linaisha kwa miwani. Waulize kama ana vipindi vya kuduwaa au kupoteza fahamu. Vikitoka salama vyote, usirudi nyumbani kumwambia "unaona, huumwi". Kichwa kinachouma Jumatatu mpaka Ijumaa kikapoa Jumamosi ni kichwa kinachouma kwelikweli, mwili ukikaa kwenye hofu na kukosa usingizi misuli inakaza, tumbo linavurugika, hiyo ni kazi ya homoni na mishipa ya fahamu, hajaigiza.

Kuna maswali mawili ambayo lazima aulizwe na mtu anayemwamini. Pengine sio wewe, pengine shangazi yake, au mkeo kama wanaelewana.

La kwanza, je kuna mtu anamsumbua au kumgusa? Njiani, shuleni, kwenye boda, hata humo ndani ya nyumba. Nalisema hivi wazi kwasababu utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Binti aliyekuwa anaenda shule bila shida akaanza ghafla kuogopa kwenda, swali hilo haliwezi kurukwa. Asiulizwe mbele ya kikao cha ukoo, na akisema kitu usimwulize "kwanini hukusema siku zote", mwambie umemsikia na umemwamini, halafu muende dawati la jinsia na watoto polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, anaweza kupiga yeye mwenyewe au ukapiga wewe.

La pili ni gumu zaidi na wazazi wengi wanalikwepa. Je, kuna wakati anatamani asingekuwepo, au amewaza kujiua? Muulize kwa maneno hayohayo, kwa sauti ya kawaida. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza ndo utakuwa umempa wazo, lakini ushahidi uliopo hauonyeshi hivyo, wengi wanapumua kuona kuna mtu amethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake na mwende hospitali siku hiyohiyo, msisubiri Jumatatu. Na hata akisema hapana, dawa za shambani zisikae mahali anapozifikia. Huku kwetu kwenye zabibu watu wanaweka viuatilifu uvunguni mwa kitanda kana kwamba ni sabuni, na kijijini kwa bibi kunaweza kuwa hivyohivyo. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Watu hawakuacha kuwa na huzuni, ila wakati ule mbaya wa dakika chache kitu kikali hakikuwa karibu. Kwahiyo kufuli, na vidonge vya watu wazima wa nyumba navyo vifungiwe.

Sasa tuje kwenye lile lililokukosesha usingizi, kama maisha yake yameharibika. Hapa nitakaa kidogo maana kuna majibu mazuri na watu wengi wanapewa nusu tu.

Nusu ya kwanza inatisha kweli. Uingereza kuna watoto wapatao 17,000 waliozaliwa wiki moja ya mwezi Machi 1958 ambao wamefuatiliwa maisha yao yote. Wachumi walipochambua taarifa zao wakatoa matokeo mwaka 2011, wakakuta waliokuwa na matatizo ya kisaikolojia utotoni, walipofika miaka 50 kipato cha familia zao kilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na pengo hilo lilikuwa kubwa kuliko lile lililoachwa na magonjwa ya mwili ya utotoni. New Zealand nako, mji wa Dunedin, wamefuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, na walipofika miaka 26 ikaonekana kati ya wale wenye tatizo la akili, nusu walishakuwa nalo kabla ya miaka 15 na karibu robo tatu kabla ya miaka 18. Kwahiyo yule jirani anayekuambia "ni utoto tu utapita" mwache aongee, lakini usimsikilize.

Nusu ya pili watu hawaisimulii. Australia, jimbo la Victoria, walianza 1992 kuwafuatilia wanafunzi karibu 2,000 wa sekondari mpaka wakawa watu wazima. Vijana waliopata kipindi kimoja tu kisichozidi miezi 6, zaidi kidogo ya nusu yao hawakurudiwa tena na sonona wala wasiwasi walipokuwa watu wazima. Waliokaa nayo muda mrefu au ikawarudia rudia ndo waliobeba mzigo kwenda mbele. Yani kinachoamua sana ni urefu. Wako ameanza Februari, kwahiyo miezi 6 imeshapita au iko mlangoni, na hapo usishtuke, sio kwamba siku ya 181 kuna geti linafungwa, nachosema ni kwamba kila mwezi unaoukata una thamani na kusubiri mpaka Desemba "tuone" ni gharama.

Halafu kuna huu utafiti wa mji wa Christchurch, New Zealand hukohuko, ndo ninaoupenda kuliko yote. Watoto 1,265 waliozaliwa 1977. Walichukua waliokuwa na sonona wakiwa na miaka 14 hadi 16 wakawaangalia tena wakiwa 21. Wakakuta mambo mengi mabaya kwao, sonona tena, wasiwasi, kufeli masomo, kukosa kazi, kuzaa mapema. Lakini walipoweka kwenye hesabu hali ya nyumbani, umaskini, ukatili, marafiki na mengine ya namna hiyo, ile kamba ya kufeli na kukosa kazi ikakatika. Kilichobaki kimefungwa moja kwa moja na sonona ni sonona yenyewe na wasiwasi kurudi baadae. Unaelewa maana yake Baba Mdogo? Sonona ya ujana inaweza kumrudia, hiyo lazima tuitibu na kuichunga. Ila kufeli na kuachwa na maisha kwa kiasi kikubwa kunatoka kwenye vitu vinavyomzunguka, na vitu hivyo wewe na mwalimu na bibi mnaweza kuvigusa. Ni New Zealand sio Nkuhungu, najua, huku kwetu kamba zingine zinaweza kuwa nene zaidi maana ukitoka shule hakuna bima ya ukosefu wa kazi inayokungoja, lakini hilo linaipa hoja yangu nguvu.

Kwahiyo sasa ile ya kumtoa mwaka mzima. Bibi anataka kwa mapenzi, namwelewa. Shida ya kwanza ni namna hofu inavyofanya kazi. Mtoto anaamka kichwa kinauma, anaambiwa baki, saa nne kichwa kimepoa. Ubongo unajifunza kitu kimoja: hatari ilikuwa shule, na nimepona kwa kutokwenda. Kesho hofu inakuja kubwa zaidi. Wiki mbili baadae kuna mada za hesabu na fizikia hajazisikia, tena kwa Kiingereza ambacho wengi bado wanahangaika nacho tangu watoke darasa la saba, sasa hofu ina sababu ya kweli juu ya ile ya mwanzo. Mwaka mzima wa hiyo kitu, kurudi kunakuwa mlima.

Shida ya pili unaijua kuliko mimi. Binti wa miaka 16, hana baba, yuko kijijini hana shule ya kwenda, mpaka mwezi wa tatu atakuwa ametokea mtu na ng'ombe zake, au ametokea dada wa mjini anayetafuta msichana wa kazi wa kumpeleka Dar. Kuoa mwanafunzi ni kosa kubwa, sheria ya elimu ilivyorekebishwa 2016 adhabu inafika miaka 30 jela, lakini mtu anayesemwa "aliacha shule" mbele ya macho ya watu anakuwa sio mwanafunzi tena. Ndiyo, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi kwenye mfumo rasmi, na ikishindikana kabisa kuna njia ya Elimu ya Watu Wazima na kuna VETA, mlango upo. Ila kwanini umtoe halafu uanze kuhangaika kumrudisha.

Na kuna bahati moja hapa: yuko kidato cha tatu. Ukitoa kidato cha kwanza, ndo mwaka pekee kati ya hiyo minne ambao hauna mtihani wa taifa mwishoni. Kama kuna mwaka wa kushusha alama na kushughulika na afya ni huu. Akawa wa 61 mwaka huu, awe, mwakani mtihani wa taifa wa NECTA hauangalii alikuwa wa ngapi darasani. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, maana inawezekana kabisa anadhani umekasirika kwa ajili ya kaka yako aliyetaka asome.

Nenda shule, tena usiende kwa mwalimu wa nidhamu, nenda kwa mkuu wa shule ukiomba na mwalimu wa unasihi awepo, na kama umeshafika hospitali beba karatasi. Omba vitu vichache tu vinavyowezekana. Fimbo za kuchelewa ziishe kwake. Kanuni zenyewe za adhabu ya viboko zinasema visizidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe, na mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, sasa ile ya getini kila mtu na fimbo yake haiko popote kwenye kanuni. Sisemi uende na kitabu cha sheria kugombana, utamharibia mtoto, ila ukijua unaongea kwa kujiamini. Omba awe na mwalimu mmoja wa kumwendea akizidiwa, akae dakika 10 ofisini halafu arudi darasani badala ya kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Omba asamehewe tuisheni ya jioni kwa muda. Na kama wanabandika majina na nafasi ukutani, waulize kama lake linaweza kukaa pembeni muhula huu, wakikataa basi, sio vita ya kufa nayo.

Walimu wanabadilika wakifundishwa, wala usiwakatie tamaa. Kuna mafunzo yalijaribiwa kwenye sekondari za serikali hapa Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake wakachapisha matokeo 2018, walimu waliofundishwa namna ya kuelewa na kukaa na wanafunzi walipunguza kutumia ukatili ukilinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo. Na 2016 yakatoka matokeo ya kazi ya Stan Kutcher wa Canada na wenzake, walimu wa sekondari wa Tanzania walipofundishwa afya ya akili uelewa ulipanda na unyanyapaa ukashuka. Hayo mafunzo hayajafika kila shule ya kata, ndo shida.

Nyumbani nina wasiwasi na usingizi kuliko kitu kingine. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10, na kwa umri huo homoni ya usingizi inachelewa kutoka usiku ukilinganisha na mtoto mdogo au mtu mzima, kwahiyo ukimwambia lala saa mbili atakodolea dari. Halafu namba shuleni inasubiri alfajiri. Sasa niambie ukweli, mgao wa maji ukija usiku nani anaamka kukinga? Nani anaosha vyombo wakilala wote? Sikutuhumu, nyumba nyingi za Dodoma ziko hivyo na mtoto wa ndugu ndo huangukiwa bila mtu kupanga. Zamu zigawanywe na watoto wako wa kuzaa, waziwazi, nae aone. Hiyo peke yake itamwambia kitu ambacho maneno hayasemi.

Kwaya, msimlazimishe arudi kuimba. Aanze kwenda mazoezi akae nyuma asikilize, nusu saa, na rafiki mmoja ampitie. Kwenye tiba ya sonona hatusubiri hamu irudi ndo mtu aanze kufanya, tunaanza na kidogo na hamu inafuata nyuma, polepole sana mwanzoni na utadhani haifanyi kazi. Vilevile kutembea jioni, kula asubuhi hata uji.

Na baba yake azungumzwe. Barua yako nzima haina sehemu inayosema binti amewahi kumlilia baba yake mbele yako, na mama yake yuko wapi hujataja kabisa. Inawezekana kwenu watu wamekaa kimya ili asiumie, nae amekaa kimya ili msiumie. Mpeleke Bahi Ijumaa jioni mrudi Jumapili, sio mbali, muende kaburini, bibi amsimulie baba yake alivyokuwa. Hapo bibi anapata mjukuu wake, na likizo ya Desemba akae nae yote, na Jumatatu mtoto yuko darasani. Nadhani ukimpelekea bibi hivyo atakubali kuliko ukimwambia "mtaalamu kakataa".

Mkeo na hilo la kuchezewa, msigombane. Maombi yaendelee kama ni imani yenu, wengine yanawapa nguvu kweli. Mipaka yangu ni mitatu: asifungishwe chakula, asikeshe, na asinyweshwe dawa ambayo hakuna anayejua ndani kuna nini.

Mirembe. Hapa Dodoma tumekua tunataniana na hilo jina, mtu akifanya kioja "katoroka Mirembe", na hospitali iko hapo tangu enzi za Mwingereza, kwahiyo woga wako ni wa mji mzima. Lakini watu wengi wanaotibiwa afya ya akili hawalazwi popote, wanakuja kliniki, wanaongea na daktari, wanarudi nyumbani kupika. Kama jina linakukwaza sana anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Jenerali, uliza huduma ya afya ya akili. Wakikupa rufaa kwenda Mirembe nenda bila kujificha, ndiko wataalamu walikojaa, na mji mwingine Tanzania ungetamani kuwa nao umbali wa daladala moja. Hela ikiwa tatizo muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakata tamaa dirishani.

Tiba ya kwanza kwa umri wake ni mazungumzo, vikao kadhaa na mtu aliyesomea. Dawa zinaingia kama hali ni nzito au mazungumzo hayajatosha, na inayopendelewa kwa vijana ni fluoxetine, inachukua wiki 4 hadi 6 kuonekana na wiki za mwanzo lazima achungwe kwa karibu, akizidi kuhangaika au kuongelea kufa mrudishe haraka. Usikubali mtu wa duka la dawa akuuzie amitriptyline "ya kumlaza". Kwa sonona ya kijana haishauriwi na ikinywewa nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa moyo.

Simu sasa. Usimnyang'anye, angalau sio hivi leo. Mtoto aliyeacha marafiki wote Bahi, inawezekana hiyo simu ndo kamba pekee aliyobaki nayo, ukiikata kwa hasira utakuwa umeongeza msiba juu ya msiba. Ila pia inawezekana humo ndani kuna mtu mzima anamtumia meseji saa sita usiku. Kwahiyo muulize kwanza anaongea na nani, umsikilize bila kumdakia, halafu wekeni sheria ya nyumba nzima kwamba kuanzia saa tatu na nusu usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, ya kwako ikiwemo.